Kuku Waliopiga Magoti

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Najua hamkai. Mnataka kuambiwa mambo mkiwa mmesimama, mguu mmoja tayari uko mlangoni. Nami sijawahi kuwa mtu wa kukaa, na msimu huu ninaowaeleza sikukaa kabisa. Nilikula nimesimama, na kanisani nilikalia ukingo wa benchi kama mtu anayengoja kuitwa jina. Sababu ilikuwa kuku. Msicheke. Kuku wa nyama, wale weupe wanaokua haraka, ambao siku hizi mnawakuta kwenye kila harusi ya Kasulu, ndio waliotaka kunimalizia nyumba.

Sisi tuko Heru Juu. Mwanangu alifariki akaacha mke na watoto watatu, na wote wakabaki uani kwangu. Mkamwana wangu ni mtu wa Kibondo, ana maneno machache na mikono isiyotulia. Tangu matanga yaishe kaka yake alikuwa akimwita arudi kwao. Alimwita kwa simu, akamwita kwa kutuma watu, mwishowe akaja mwenyewe akasema mbele yangu: "Mama, tunakushukuru, lakini dada yetu hapa analea watoto kwa kupalilia maharage ya watu. Kwetu kuna duka. Atakaa dukani, kivulini."

Mkamwana ndiye aliyejibu. "Kaka, niache nijaribu kuku. Wakinikataa nitakuja mwenyewe, na watoto nitakuja nao."

Neno hilo alilisema mara moja tu, halafu akamkaribisha chakula. Lakini mimi nililisikia kila siku. Sikumwambia abaki. Kwetu mtu mzima habembelezi mkamwana; unampa kazi, naye anaelewa kwamba anatakiwa. Hata hivyo nilijua hesabu ilivyokaa. Kuku wakifa, watoto wanaondoka, na katika uwanja ule ningebaki mimi na paka asiyenipenda.

Kundi la kwanza lilikua vizuri. Chakula tulichanganya wenyewe, maana cha kiwandani kinatoka mbali na wakati mwingine hakifiki. Tulitia mahindi ya kuparaza, pumba, soya iliyokaangwa, dagaa wa Kigoma, chokaa kidogo ya mifugo, chumvi, na unga wa mifupa. Mifupa ilikuwa kazi yangu. Mchinjaji wa mjini alinitumia gunia kwa bodaboda, nami niliichoma kwenye shimo nyuma ya migomba mpaka ikawa myeupe, inavunjika kwa vidole, kisha nikaitwanga. Moshi wake ni mbaya, sikatai. Jirani yangu, mzee tunayepakana naye kwa upande wa maharage, alisema nikifa ataisahau sura yangu lakini ule moshi hatausahau.

Kabla ya kundi la pili mkamwana alikwenda Kibondo kuwasalimia kwao, akarudi na pakiti. Ndani yake mlikuwa na poda ya rangi ya udongo mkavu, kidogo tu, ya kujaa kikombe.

"Ni dawa?" nikamuuliza.

"Si dawa, Mama. Inaitwa kimeng'enya. Mwenye duka la mifugo amenieleza vizuri. Mfupa wa kuku unajengwa na kitu kinaitwa fosforasi. Kwenye mahindi, kwenye pumba, kwenye soya imejaa, ila imefungwa. Ng'ombe anaifungua kwa tumbo lake la kucheua. Kuku hana tumbo hilo. Anaila, anaipitisha, inatoka kwenye kinyesi kama ilivyoingia."

"Ndiyo maana maharage ya huyu mzee yananenepa. Kila wiki anaomba samadi ya bandani."

"Ndiyo hivyo, tunamlishia shamba. Sasa hii poda inaifungua fosforasi tumboni mwa kuku, inabaki mwilini. Amesema tukiitia, unga wa mifupa tupunguze kwa nusu."

"Na mimi mikono yangu niipeleke wapi?"

"Upumzike, Mama."

Neno hilo silipendi. Ukianza kupumzishwa uani kwako, mwisho wake unaletewa kiti uwekwe juani kama mahindi. Lakini kuku walikuwa wake, ahadi ilikuwa yake, nikamwachia.

Mwenye duka alikuwa amempa sharti moja: poda ni kidogo, chakula ni kingi, kwa hiyo usiimwage tu juu ya lundo. Ianze kuchanganywa na kitu laini, kiasi cha sinia moja, halafu sinia hiyo ndiyo itawanywe kwenye lundo zima. Vinginevyo kuku mmoja atapata yote na wenzake wakose. Sharti zuri. Mkamwana akalifuata neno kwa neno.

Sasa lazima niwaeleze tunavyofanya soya kwetu. Tunaikaanga kwenye sufuria pana, kwa kuni, mpaka ngozi inapasuka na harufu inafika barabarani. Ikishaiva haikai. Inakwenda kinuni hapohapo ikiwa bado inachoma, kwa sababu ukiiacha kwenye sinia ipoe, watoto wanapita na kuchota, wa kwetu na wa jirani, na ukirudi unakuta maganda. Mama yangu alifanya hivyo, nami, na kila mwanamke ninayemjua. Basi unga laini uliokuwepo siku hiyo ulikuwa wa soya. Mkamwana akauchekecha ukiwa unatoa mvuke, akamimina poda, akakoroga kwa mwiko mpaka jasho likamtoka usoni. Nikaona kazi nzuri. Nilimsifu hata.

Vifaranga wakaja kwenye maboksi, wakakua. Wiki ya tatu nilikwenda bandani asubuhi, baridi ya huku mnaijua, nikamkuta mmoja amekalia vifundo vya miguu. Nikamsimamisha. Akaenda hatua chache, akakaa tena, akanitazama kama mimi ndiye niliyekosea kumsimamisha. Kesho yake walikuwa wengi wa namna hiyo. Nikamshika mmoja mdomo, nikaubonyeza kwa kidole gumba. Ukapinda. Mdomo wa kuku ulipinda kama ukucha wa mtoto mchanga.

Nilitoka bandani, nikarudi, nikatoka tena. Sikumwita mtu. Nilifagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa.

Siku hiyo akapita mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge. Ndugu zake wako kambini Nyarugusu, yeye ameolewa huku, na mdomo wake haujui lango. Akachungulia kwenye wavu, akasema, "Mama, hizi kuku zenu ziko nasali?"

"Zinasali upite," nikamwambia.

"Basi zisali nguvu. Mimi nilitaka kununua ya Krismasi, lakini hii itafika Krismasi kwa magoti."

Mkamwana alikuwa ameshika ndoo ya maji. Aliiweka chini taratibu, akaingia ndani. Mama wa vitenge akaona amegusa mahali pabaya, akaniachia kipande cha sabuni kama salamu, akaenda.

Jioni mkamwana akasema, "Mifupa laini, Mama, ni chokaa imepungua." Ilikuwa na maana. Chokaa ndiyo kila mtu anaijua, hata ganda la yai ni chokaa. Tukaongeza chokaa, kopo la kujaa. Tukangoja. Wakazidi kukaa chini. Waliokuwa wanayumba wakapiga magoti, waliokuwa wamepiga magoti wakalala ubavu, na wenye nguvu wakawa wanawakanyaga wakienda kwenye chakula.

Nikaanza kuona vitu vingine. Nguo za watoto zikikauka, mkamwana alikuwa anazikunja na kuziweka kwenye begi, si kwenye sanduku. Hakuwa anajificha wala hakuwa anasema. Mjukuu wangu mkubwa aliniuliza Kibondo wanafunzi wanavaa sweta la rangi gani. Nikamwambia akateke maji. Akasema maji yamejaa. Nikamwambia akateke tena.

Kulala nikashindwa, kukaa nikashindwa. Kichwani nilikuwa nimeshamhukumu mtu, mwenye duka. Nilisema amemuuzia mjane udongo ndani ya pakiti. Nikavaa kitenge cha kanisani, nikaitia ile pakiti tupu kwenye mkoba, nikamwambia mkamwana nakwenda mjini mara moja. Sikusema mji upi. Nikapanda gari la Kibondo.

Barabara ya lami imefupisha safari, hasira haikupata muda wa kupoa. Duka nililiona karibu na soko. Nilitarajia mwanamume mnene nyuma ya kaunta, nilikuwa nimeshamwandalia maneno. Nikamkuta binti, mdogo kuliko mkamwana wangu, amejifunga kanga kiunoni, anapima pumba.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hii pakiti umeuza wewe?"

Akaitazama. "Mimi, Bibi. Kwa yule dada wa Heru Juu. Wanaendeleaje?"

"Wamekaa chini. Wote. Umetuuzia nini?"

Watu wawili waliokuwa wananunua wakajifanya wanasoma maandishi ya magunia. Yule binti hakupandisha sauti. Akanipa kigoda, nikakikataa. Akaniuliza, "Unga wa mifupa mlipunguza?"

"Ulivyosema. Nusu."

"Na poda mlianza kuichanganya na nini?"

"Na unga wa soya. Laini, umechekechwa. Tulifuata sharti lako."

"Soya ilikaangwa siku gani?"

Nikamtazama. Swali hilo sikuona linakokwenda. "Siku hiyohiyo. Ilitoka motoni, ikatwangwa, ikatiwa poda."

"Ikiwa bado ya moto, Bibi?"

"Inatoa mvuke. Kwetu soya haingoji."

Akaweka kopo lake la kupimia juu ya gunia. "Bibi, kile si kama chumvi. Chumvi uichemshe, uikaange, inabaki chumvi. Kimeng'enya ni kama hamira. Ukiimwagia maji yanayochemka, mandazi yanaumuka?"

"Hayaumuki."

"Basi na hicho kilikufa kwenye sinia. Mkapunguza mifupa, na kile cha kufungua fosforasi ya kwenye pumba kilikuwa kimeshaungua. Kuku wamekosa huku, wamekosa na huku."

Sasa ndipo nikakaa kwenye kile kigoda.

"Hamkuongeza kitu kingine?" akauliza.

"Chokaa."

Alifumba macho kidogo. "Nyingi?"

"Kopo zima."

"Chokaa ikizidi inaibana hata ile fosforasi kidogo waliyokuwa wanaipata. Iondoeni yote ya ziada leo. Rudisheni unga wa mifupa kamili. Nitawapa poda nyingine, muitie kwenye unga uliopoa kabisa, na pakiti isikae karibu na jiko wala juani. Wanaoyumba wengi watasimama. Wale ambao mfupa umeshapinda hawatanyooka, Bibi, nisikudanganye. Hao mtenge banda lao, muwale mapema, nyama haina ubaya."

"Na ningekuja kuuliza mapema?"

"Ningekuambia hayahaya. Nami nilitakiwa kumwambia yule dada habari ya moto. Sikujua kwamba kwenu mnatwanga ikiwa inachoma. Huku wanaikaanga jioni, inalala kwenye gunia."

Niliondoka pale na hasira yangu nzima na hakuna wa kumpa. Nawaambia, hiyo ni mbaya kuliko kushindwa ugomvi. Nikatembea sokoni nikauliza bei za vitu nisivyovihitaji. Nyumbani kwa wakwe zangu, kwa kina mkamwana, ni karibu pale, hata paa lao linaonekana. Mtu wa adabu hapiti Kibondo bila kuingia kuwasalimia wakwe. Mimi nilipita. Ningeingia ningeulizwa kuku wanaendeleaje, na uongo siujui vizuri. Lakini Kibondo ina macho, na wale wawili waliokuwa wanasoma magunia walikuwa na midomo.

Nyumbani nilimkuta mkamwana anawanywesha maji kwa kijiko wale walioshindwa kufika kwenye chombo. Nikamweleza nilikokwenda na nilichoambiwa, bila kuzungusha. Alisikiliza akiwa amechuchumaa, kuku mkononi.

"Kwa hiyo niliwavunja miguu mimi," akasema.

"Waliowavunja miguu ni wanawake wote wa Heru Juu wasiotaka soya yao iliwe na watoto. Inuka. Tenga wazima na wagonjwa."

"Mama, kama ni kufa wafe tu, nichoke mara moja."

"Utachoka tukimaliza. Inuka."

Akainuka. Mimi nikatuma mtu kwa mchinjaji. Asubuhi shimo nyuma ya migomba lilikuwa linawaka, na yule mzee jirani akatokea kwenye mpaka amejifunga taulo puani.

"Umerudi kazini?"

"Nimerudi."

"Nilidhani umepata maendeleo, umeacha kuchoma wafu."

"Samadi unayoipenda inatokana na hawa kuku. Wakifa utalima maharage kwa mate yako."

Alifikiri. Kisha akaenda akarudi na mzigo wa kuni kavu, akautupa upande wangu, akasema choma upesi, moshi uishe upesi.

Soya tukaikaanga jioni, tukaifungia kwenye sufuria yenye mfuniko na jiwe juu, watoto wakaikosa. Poda ikaingia kwenye unga wa baridi. Chakula cha zamani chenye chokaa tulikichanganya na mahindi mengi wakapewa kuku wa kienyeji wanaozurura uani, na hao hawakujali, kuku wa kienyeji hula chochote na kuishi.

Halafu kungoja. Katika yote, hilo ndilo lililonishinda. Niliingia bandani mara nyingi mpaka mkamwana akanifungia mlango kwa waya. "Unawachosha, Mama. Kila ukiingia wanainuka, na kuinuka ndiko kunakowaumiza." Nikakaa nje nikawachungulia kwenye wavu kama yule mama wa vitenge. Nilimchagua mmoja mwenye doa la rangi ya wino mgongoni, nikawa namtazama huyo peke yake. Hakusimama. Walisimama wengine niliokuwa siwatazami. Kwanza wachache pembeni mwa chombo cha maji, wakitandaza miguu kama watu walevi, kisha wengi. Midomo ikaanza kuwa migumu, nikaibonyeza haikupinda. Mwenye doa tulimla Jumapili. Tulikula wengi, mpaka watoto wakaomba dagaa.

Wakati huo mjomba wa watoto akafika. Hakutoa taarifa. Aliteremka kwenye bodaboda barabarani, na nyuma yake alikuja kijana na bodaboda ya pili tupu, yenye kamba za mizigo. Nikaelewa kabla hajasalimia.

"Mama, nilisikia ulipita Kibondo."

"Nilipita."

"Hukuingia."

"Sikuingia."

"Wakasema ulikuwa unauliza habari za kuku waliokatika miguu." Akamgeukia dada yake, akalainisha sauti. Si mtu mbaya, niseme ukweli wake. "Dada, ulisema wakikukataa utakuja. Mimi sikuja kukucheka. Nimekuja kukupunguzia safari."

Mkamwana alichukua ndoo ya chakula, akampa mkononi. "Kaka, nisaidie kuwalisha kwanza."

Mjomba alikuwa amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa. Akatazama ndoo, akanitazama mimi, nikatazama migomba. Akafungua waya akaingia. Mle ndani wale weupe waliposikia ndoo waliinuka wote kwa pamoja na kumkimbilia. Kukimbia, nasema, si kutembea. Walimpanda viatu, wakamdonoa soksi, mmoja akaruka mpaka gotini, naye akawa anarudi nyuma huku anamwaga chakula ovyo na kusema "hee, hee, tulieni basi." Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Yule kijana wa bodaboda akazima injini ili asikie vizuri.

Alitoka amejaa vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi. Lakini macho anayo. Aliliona banda dogo la pembeni, lenye wale waliobaki wamelala ubavu.

"Na hawa?"

"Hao niliwaharibu," akasema mkamwana. "Poda niliitia kwenye soya ya moto. Sasa najua. Kundi hili halitanipa nilichotarajia, kaka, sitakudanganya. Wazima watakwenda kwenye harusi ya mjini, wagonjwa tunawala."

"Kwa hiyo wamekukataa."

"Wamenikataa nusu."

"Dada, nusu si jibu."

"Jibu ni hili. Vifaranga wengine nimeshaagiza. Wanakuja banda likishapumzika. Siwezi kuwa Kibondo dukani wakati maboksi yanateremshwa hapa."

Mimi habari hiyo sikuwa nayo. Sikuulizwa, sikuambiwa, uani kwangu mwenyewe. Siku nyingine ningesema neno. Nilijikuta naokota maganda ya ndizi ambayo hayakuwa yananisumbua, nimewapa mgongo, mpaka uso wangu ukakaa sawa.

Mjomba alikuwa amesimama na ndoo tupu. "Na watoto?" akauliza. "Watoto nao unawafanyia majaribio?"

Mjukuu wangu mkubwa akasema, "Mjomba, siku hizi sisi ndio tunaokaanga soya." Alisema kama mtu aliyemaliza kesi.

Yule mwanamume alijipangusa nyusi. Alitaka kusema zaidi, nikaona maneno yanapanda, na dada yake akiyangoja amesimama wima. Nilijua wakiendelea yatasemwa mambo ya marehemu, na jambo la marehemu likishasemwa halirudi. Nikaingilia. Nikawaambia watu wa nyumba yangu:

"Mpeni mjomba wenu maji ya kunawa na sahani ya kwanza, paja zima, na kijana wa bodaboda naye ale. Mama yenu hatoki bandani mpaka vyombo vya maji vijae. Nguo zilizo kwenye begi zirudi sandukani sasa hivi, na mgeni akishiba, asindikizwe mpaka lami akapate gari la Kibondo kabla ya mvua."